Kisima Hakina Idara: Hoja ya Kufundisha Afya ya Umma kama Fani Ndogo Pwani ya Kusini

Ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizochunguzwa kwa habari ya minyoo, mbu na maji kama kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Wizara ya Afya ya Kenya, wakiwemo John Ouma na Eric Muchiri, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kufuatilia kichocho katika shule na vijiji vya Msambweni. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Nagasaki walifanya kazi ya jinsi hiyo Mwachinga. Kati ya 2015 na 2017 utafiti wa TUMIKIA ulipima njia za kutokomeza minyoo ya tumbo. Mengi tunayoyajua kuhusu dengue na chikungunya nchini yametoka Ukunda na Msambweni. Na mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa BOHEMIA, uliowapa watu wa Kwale dawa ya ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu: maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na ya wenzao waliopewa dawa nyingine. Mtu aliyekulia Msambweni bila kuombwa mkojo, choo au damu hata mara moja amebahatika kukwepa mengi.

Maarifa hayo yote yamo katika majarida ya Kiingereza, na wanaoyasoma ni watafiti wenzao. Hilo si kosa la watafiti peke yao. Kosa kubwa zaidi liko vyuoni, ambako tumewafundisha afya ya umma wale tu watakaoajiriwa katika idara ya afya, ilhali maamuzi yanayoleta au kuzuia maradhi hufanywa na watu wa idara nyingine kabisa. Makala hii inatetea jambo moja: vyuo vikuu vya Pwani vianzishe afya ya umma kama fani ndogo kwa wanafunzi wa uhandisi, ualimu, uhasibu, uvuvi, utalii na lugha, na fani hiyo ijengwe juu ya matatizo ya mahali maalumu, si juu ya orodha ya mada.

Tuchukue Bodo, kijiji cha wavuvi na wakulima katika wadi ya Ramisi, kando ya mikoko, ng'ambo ya kisiwa cha Funzi. Ni nani anayeamua afya ya watu wa Bodo? Daktari wa Msambweni huwaona wakishaugua. Kabla ya hapo, mhandisi ameamua kisima kichimbwe wapi na kwa kina gani. Karani wa kaunti ameamua fedha za vipuri zitoke robo hii ya mwaka au ijayo. Mwalimu mkuu ameamua ufunguo wa choo ukae na nani. Kamati ya usimamizi wa ufuo imeamua samaki wapimwe wapi na maji machafu yamwagwe wapi, na mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga samaki wa kuuza, wameamua mafuta ya kukaangia yatumike mara ngapi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyewahi kuketi darasani akaulizwa: uamuzi wako utamgusa nani, na utajuaje?

Fani ndogo, kwa wasioizoea, ni mpango ambao mwanafunzi anasomea fani yake kuu huku akichukua masomo matano au sita ya taaluma nyingine, yaliyopangwa yakafuatana. Ni jambo la kawaida Marekani. Kwetu ni nadra, ingawa USIU-Africa ya Nairobi, iliyofuata mtindo wa Kimarekani, inao mfumo huo. Wazo la kuifundisha afya ya umma kwa njia hii lina mtetezi mashuhuri. David Fraser, aliyeongoza uchunguzi wa ugonjwa wa Legionnaires huko Philadelphia mwaka 1976 na baadaye akawa mkuu wa chuo cha Swarthmore, aliandika mwaka 1987 katika New England Journal of Medicine kwamba epidemiolojia inastahili nafasi katika elimu huria, kwa kuwa inamfundisha mtu kufikiri kwa ushahidi. Mwaka 2003 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikapendekeza kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza apate fursa ya kuisoma afya ya umma.

Nakubaliana na Fraser nusu ya njia. Hoja yake inamtazama mwanafunzi: somo litamnoa akili. Bodo inahitaji hoja inayoanza upande wa pili, kwenye kisima.

Na Kwale ina historia ya visima ambayo ingetosha kuwa kitabu cha kiada. Mwaka 1983 UNDP na Benki ya Dunia walianza kujaribu pampu za mkono katika Pwani ya Kusini. Mradi ulianza kama zoezi la wahandisi: pampu ipi inadumu, ipi inavunjika, ipi inakula kutu. Wanakijiji walikuwa watumiaji tu. Baadaye shirika la Kenya la KWAHO likaingiza watu wa elimu ya jamii, kamati za maji zikaundwa, na wanawake wakafunzwa kuzitunza pampu na kushika fedha. Majaribio ya hapa na ya Malawi ndiyo yaliyoizaa Afridev, pampu ambayo leo imesambaa Afrika na Asia. Umbo lake lenyewe linaeleza mafunzo yaliyopatikana. Inafunguliwa kwa spana moja, na vyuma vyake vinaweza kuvutwa na watu wa kijiji bila winchi wala lori la wizara. Swali la kijamii (ni nani atakayekuwapo pampu ikiharibika?) lilibadilisha mchoro wa mhandisi. Sijui mfano bora zaidi wa taaluma mbili kukutana katika chuma kimoja.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa mwanafunzi wa uhasibu. Miaka thelathini baadaye Tim Foster na Rob Hope wa Oxford walizipekua kumbukumbu za malipo za kamati za maji za Kwale, yale madaftari ambayo wahazini wa vijiji walikuwa wakiyaandika kwa mkono. Waligundua kwamba watu hawakulipa au kukataa kulipa kwa sababu ya uzalendo au uvivu. Malipo yalifuata ladha ya maji, umbali wa pampu, matumizi ya maji kwa shughuli za kuzalisha, na msimu: mvua ikinyesha, mkono unafunga. Maji yenye chumvi hayalipiwi vizuri, pampu isiyolipiwa haitengenezwi, na isiyotengenezwa huwarudisha watu kwenye dimbwi. Kutokana na tafiti za namna hii ikazaliwa FundiFix, kampuni inayotengeneza pampu kwa ada ya mwezi na kuahidi kuzirudisha kazini ndani ya siku tatu. Daftari la mhazini, kwa maneno mengine, ni chombo cha kupimia afya. Anayejua kulisoma anaweza kutabiri ni kijiji kipi kitarudi bwawani Mei ijayo. Hakuna afisa wa afya anayefundishwa kulisoma, na hakuna mhasibu anayeambiwa kwamba lina habari za damu kwenye mkojo.

Dimbwi lenyewe nalo lina mtego unaowapita watu wengi wenye nia njema. Kichocho hakiambukizwi kwa kunywa. Mayai hutoka kwa mkojo, yakafika majini, vimelea vikaingia ndani ya konokono wa jamii ya Bulinus, kisha vikatoka humo mchana wa jua na kutoboa ngozi ya yeyote aliyesimama majini. Kwa hiyo pampu inayowapa watu maji ya kunywa bila ya kuwapa maji ya kufulia na kuogea imetatua tatizo jingine. Maji magumu hayatoi povu. Mama aliye na ndoo ya maji ya kisima cha chumvi na rundo la nguo atarudi dimbwini, na ana haki. Mwanafunzi wa kemia angeweza kuyapima maji hayo kwa nusu siku na kueleza kwa nini mradi uliohesabiwa kuwa umefaulu haukupunguza kichocho. Huko Mwachinga watafiti walichunguza hasa jambo hili: nani anaingia mtoni, kwa shughuli gani, na maji ya bomba yalibadilisha nini katika desturi hiyo. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1997, na bado sijaona mpango wa maji wa wilaya au kaunti unaoanza kwa kuhesabu nguo chafu.

Mwaka 2004 Julie Clennon, Uriel Kitron na wenzao walionyesha kitu kingine. Walichora ramani ya nyumba, za wagonjwa na zisizo na wagonjwa, katika eneo la Milalani, Msambweni, na maambukizi yakaonekana kurundikana kuzunguka dimbwi moja lenye konokono. Dawa ya prazikwanteli, inayotolewa shuleni, humtibu mtoto aliye na minyoo iliyokomaa lakini haimzuii kurudi majini kesho yake. Ramani inasema kwamba fedha kidogo zikielekezwa dimbwi moja zinaweza kufanya kazi kuliko fedha nyingi zilizotapanywa. Hiyo ni kazi ya jiografia, na wanafunzi wa jiografia katika vyuo vyetu wanachora ramani za mvua ya Kericho.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha fani ndogo: kuhesabu. Mijadala mingi ya elimu ya taaluma mbalimbali huishia kwenye maneno mazuri kuhusu ushirikiano. Mwanafunzi anayetoka humo anajua kusema "jamii" mara kumi katika ukurasa mmoja na hajui kuuliza idadi hiyo ni kati ya wangapi. TUMIKIA inaweza kufundisha somo hilo kwa muhula mzima. Kenya ilikuwa ikiwapa dawa watoto wa shule. Watafiti waliligawa eneo la utafiti katika vikundi 120, wakalinganisha njia tatu: dawa shuleni mara moja kwa mwaka, dawa nyumba kwa nyumba kwa watu wote mara moja, na nyumba kwa nyumba mara mbili. Baada ya miaka miwili safura ilikuwa imepungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 katika kundi la kwanza, 17.9 hadi 8.0 katika la pili, na 20.6 hadi 6.2 katika la tatu. Mwanafunzi wa ualimu atajifunza kutoka tarakimu hizi kwamba shule, ambayo yeye huiona kuwa ndiyo jamii, ni kipande tu cha jamii. Safura huishi sana kwa watu wazima, na watu wazima hawapangi foleni gwarideni. Mwanafunzi wa uchumi atauliza tofauti kati ya 8.0 na 6.2 inagharimu kiasi gani. Wa uandishi wa habari atauliza kwa nini makundi hayakuanza mahali pamoja, na atafundishwa jibu. Wote watatu watakuwa wameisoma takwimu moja kwa macho matatu, na hilo haliwezi kufanyika wakisomea majengo tofauti.

Jambo hili si geni kwetu. Kazi ya namna hii ilikuwapo pwani kabla ya kuwa na jina. James Christie, daktari wa Sultani wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Ili kueleza jinsi ugonjwa ulivyofika Unguja mwaka 1869, alilazimika kujua njia za misafara ya bara, biashara ya Pangani, safari za majahazi na habari za wafanyabiashara waliotoka nchi ya Wamasai. Udaktari wake peke yake usingemfikisha mbali. Vyuo vyetu navyo viliwahi kujaribu kuvuka kuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya misukosuko ya wanafunzi ya 1966 na Azimio la Arusha, kilianzisha masomo ya pamoja yaliyokuja kuwa Taaluma za Maendeleo, ambayo hata wanafunzi wa udaktari Muhimbili waliyasoma. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipoanzisha shule ya udaktari kiliwatuma wanafunzi vijijini kwa mpango wa COBES.

Msomaji wa Kenya atakuwa na pingamizi tayari, na ni pingamizi zito. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na vyuo vikuu vingi vikaweka somo la UKIMWI kati ya masomo ya lazima kwa wote. Hilo lilikuwa somo la afya ya umma kwa kila mwanafunzi wa nchi, na ni wangapi wanaolikumbuka? Lilifundishwa katika kumbi za mamia, kwa nukuu zilizorithiwa kutoka kundi hadi kundi, na mtihani ulipima kama mwanafunzi amekariri njia za maambukizi ambazo alizijua tangu darasa la sita. Taaluma za Maendeleo nazo zilipata lawama kama hiyo kutoka kwa wanafunzi waliotaka kurudi kwenye fani zao. Kwa nini fani ndogo isife kifo hicho hicho?

Jibu langu ni kwamba masomo yale yalikufa kwa kuwa ya lazima, mapana na yasiyo na mahali. Fani ndogo ni hiari. Anayeichukua amekubali kubeba masomo ya ziada. Na kama ikijengwa juu ya Bodo, au Gazi, au Mkwakwani, haina nafasi ya nukuu za kurithi, kwa sababu kisima cha mwaka huu si cha mwaka jana. Mwaka wa kwanza uwe wa takwimu na epidemiolojia, bila huruma. Wa pili uwe wa maji, ardhi na wadudu, pamoja na sheria za ugatuzi, maana tangu 2013 huduma nyingi za afya na maji ziko chini ya kaunti na mwanafunzi asiyejua bajeti ya kaunti inavyopitishwa ataishia kuandika mapendekezo yasiyo na anwani. Mwaka wa mwisho uwe wa kazi moja ya uwandani kwa kundi la fani tofauti, na isiwe utafiti mpya. Liwe ni kundi linalochukua utafiti uliokwisha kuchapishwa kuhusu Kwale na kuurudisha kwa watu waliotoa sampuli, kwa Kiswahili na Chidigo, mbele ya baraza la kijiji, na kuulizwa maswali.

Sharti hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu mbili. Kwanza, vijiji vya Msambweni vimetoa vya kutosha. Haistahili kuwapelekea wanafunzi wa mwaka wa tatu na madodoso yao wakauliza tena ni watu wangapi wanalala chini ya neti. Pili, kurudisha matokeo ni kazi ngumu ya lugha ambayo hakuna idara inayoifanya. Kichocho cha sehemu za siri za wanawake ni mfano. Mwanamke mwenye vidonda au kutokwa na damu kwa sababu ya mayai ya kichocho anaweza kutibiwa miaka kwa maradhi ya zinaa asiyokuwa nayo, na nyumba ikavunjika kwa tuhuma. Kulieleza hilo mbele ya kina mama, na mahali pengine mbele ya waume zao, bila ya kuongeza aibu juu ya aibu, kunahitaji mtu aliyesomea lugha na anayejua njia za konokono. Leo mtu huyo hayupo.

Pingamizi la pili hutoka kwa wataalamu wa afya ya umma wenyewe. Kenya ina baraza la kisheria linalosajili maafisa wa afya ya umma, na bwana afya aliyesoma miaka minne ana haki ya kuuliza kama tunataka kumletea washindani wa masomo sita. Hapana. Fani hii isimpe mtu leseni ya kukagua bucha wala kufunga hoteli, na cheti chake kiseme hivyo waziwazi. Faida ya bwana afya ni nyingine: kwa mara ya kwanza atakuwa na mhandisi anayemwelewa anapoomba kisima kihamishwe, na karani wa fedha anayejua kwa nini dawa ya mabuu ya mbu haiwezi kungoja mwaka mpya wa bajeti. Serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, iliongeza watu wa kubisha hodi milangoni. Haikuongeza watu wa kuzisoma taarifa zinazotoka milangoni humo na kuzipeleka kwa idara ya maji.

Nakiri kuna hatari moja ambayo sharti la hiari haliiondoi. Huko Marekani fani ndogo hii huvutia sana wanaojiandaa kwa shule ya udaktari, wanaoitaka ipambe maombi yao. Kwetu ingeweza kuwavutia wanaotafuta ajira katika mashirika ya wafadhili, ambayo Diani na Ukunda hayakosekani. Ndiyo maana napendekeza nafasi zigawanywe kwa fani, na nyingi zitengewe uhandisi na uhasibu, hata kama waombaji wao ni wachache mwanzoni.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa ndicho chenye nafasi nzuri ya kuanza. Kina idara ya mazingira na afya, kina wahandisi, na wahadhiri wake wamekuwa wakifanya kazi ya mbu wa Ukunda na Msambweni kwa miaka. Wanajua kwamba Aedes, mbu anayeeneza dengue, hupenda matairi, ndoo na vyombo vya plastiki vilivyotupwa, yaani kwamba dengue ya Diani ni pia suala la taka na la hoteli. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kipo Msambweni penyewe na kinaweza kutoa walimu wa uwandani. Kinachobaki ni mambo ya kiofisi, ambayo katika vyuo vyetu ndiyo huua mipango kuliko ukosefu wa mawazo: alama za kazi ya pamoja ziingie katika idara gani, mhadhiri wa uhandisi anayefundisha somo la afya ahesabiwe saa zake wapi, na bwana afya wa Ramisi, atakayewapokea wanafunzi na kuwasahihisha, alipwe na nani. Hili la tatu liamuliwe mapema. Malipo yake yaingizwe katika bajeti ya chuo kabla mwanafunzi wa kwanza hajasajiliwa, kwa sababu desturi ya kumtegemea afanye kazi hiyo kwa hisani, na chakula cha mchana, imedumu vya kutosha.